Damu Chooni: Ipimwe Kabla ya Kutibiwa

Ukiona damu kwenye choo, ukameza dawa ya amiba, damu ikakata kisha ikarudi, usirudi duka la dawa. Nenda kapimwe. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanafuata hilo: upime nini, choo chenyewe ukichukue vipi, na ufanye nini majibu yakitoka.

Nalitanguliza kwa sababu huku kwetu West Nile, Uganda, damu ya chooni ina maelezo mengi yaliyo tayari. Mchuuzi wa samaki anayeshinda Rhino Camp au Pakwach atasema ni kichocho. Mama anayechota maji ya kijito kule Adumi atasema ni amiba. Dereva wa lori anayekaa kwenye kiti siku nzima kati ya Arua na Oraba atasema ni bawasiri, tena atasema kwa sauti ya chini kwa aibu. Na wote wanaweza kuwa sahihi. Kichocho cha tumbo kipo kweli kando ya mto Nile, amiba ipo, safura ipo, bawasiri hazina mji wala kijiji. Hatari iko hapo hapo. Saratani ya utumbo mpana na ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, hutoa damu ile ile, na kwa kuwa maradhi hayo mengine yamezoeleka, hakuna anayeiulizia mpaka utumbo uzibe.

Kuna na sababu ya zamani zaidi ya kutoiulizia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala, anajulikana duniani kwa ile saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alizunguka kwa gari wiki kumi, kiasi cha maili 10,000, akipita hospitali za Afrika Mashariki hadi kusini, na mmoja wa wenzake wawili safarini alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva, hapa hapa jirani na mji wa Arua. Baadaye Burkitt aligeukia utumbo. Alikusanya taarifa za hospitali za misheni, akaona saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa watu wanaokula chakula chenye nyuzinyuzi nyingi, na mwaka 1971 akachapisha makala iliyosomwa pande zote za dunia. Aliandika alichokiona, na kwa wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Lakini zaidi ya miaka 50 imepita. Watu wengi wanafikia uzee, wengi wamehamia mjini, chakula kimebadilika, na hospitali za Uganda sasa zinawapokea wagonjwa wa saratani hii mara kwa mara. Duniani, mwaka 2022, watu karibu milioni 1.9 waligunduliwa nayo na karibu 900,000 walikufa. Dhana kwamba ni ugonjwa wa Wazungu imebaki nyuma ya ukweli, na inaua.

Tena usidanganyike na umri. Katika hospitali za Afrika, wagonjwa walio chini ya miaka 50 ni sehemu kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Kijana wa bodaboda mwenye miaka 32 akiambiwa kwamba yeye bado mdogo, hiyo haimwondolei haja ya kupimwa.

Anza na daftari lako

Sehemu nyingi huku mgonjwa huandikiwa kwenye daftari la shule alilonunua mwenyewe. Litoe ulifungue. Soma kurasa za mwaka mmoja uliopita utafute maneno ya tumbo: kuhara damu, amiba, bawasiri, tumbo kuuma, kufunga choo, upungufu wa damu. Angalia tarehe. Kisha angalia kama pembeni ya maneno hayo kuna kipimo chochote kilichofanywa, au ni dawa tu zimefuatana, Flagyl hapa, sindano pale, Flagyl tena. Ikiwa malalamiko ni yale yale zaidi ya mara moja na hakuna kipimo, kurasa hizo mbili ziweke mbele ya daktari na umwonyeshe kwa kidole. Mganga mwenye foleni ya watu 60 nje ya mlango hana nafasi ya kupekua daftari lako, ila ukimwekea ukurasa ataona. Na daftari likijaa, jipya lishonee kwenye la zamani kwa uzi au pini. Usilitupe.

Kabla hujaondoka nyumbani, andika ukurasa wako mwenyewe. Ilianza lini? Damu ni nyekundu mbichi au ni nyeusi nyeusi? Imechanganyika na choo, imekaa juu yake, au inaonekana unapojipangusa tu? Unakwenda haja mara ngapi kwa siku, na zamani ulikuwa unakwenda mara ngapi? Mkanda wa suruali umesogea matundu mangapi? Andika na dawa zote, za hospitali na za miti shamba. Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi, na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuchubua tumbo likatoa damu. Daktari asipojua unazimeza, atatafuta mahali pasipo.

Dalili za kutopuuza

Damu mbichi inayodondoka baada ya choo kigumu mara nyingi ni bawasiri. Damu iliyochanganyika na choo, au yenye makamasi, inatia wasiwasi zaidi. Lakini nisikilize hapa: hakuna mtu, hata daktari bingwa, anayeweza kutofautisha kwa kuangalia damu peke yake, na mtu mwenye bawasiri anaweza kuwa na saratani juu kidogo ya hizo bawasiri. Aliyeambiwa ana bawasiri bila kuguswa bado hajapimwa.

Ya pili ni mabadiliko ya haja kubwa yanayozidi wiki tatu. Uliyekuwa unakwenda kila asubuhi sasa unakaa siku nne, au unahara bila kuisha, au kuharisha na kufunga kunapokezana. Choo kinatoka chembamba kuliko zamani. Halafu kuna ile hali ambayo watu huona aibu kuisema: unatoka chooni na baada ya dakika tano unahisi bado, unarudi, hakuna kitu, au ni makamasi na damu kidogo. Iseme. Mara nyingi huashiria kitu kilichokaa kwenye puru.

Upungufu wa damu ndiyo dalili inayotuponyoka zaidi. Uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana unaweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi mingi bila choo kubadilika rangi machoni pako. Unachohisi ni kuchoka, moyo kwenda mbio ukipanda kilima kidogo, viganja kuwa vyeupe. Huku kwetu malaria na safura hupunguza damu pia, kwa hiyo mtu huandikiwa vidonge vya madini ya chuma na dawa ya minyoo, akarudi nyumbani. Sawa. Lakini mwanamume yeyote, na mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye damu yake haipandi au inapanda na kushuka tena baada ya tiba hiyo, lazima atafutiwe inakovujia.

Kukonda bila sababu na uvimbe unaoshikika tumboni havihitaji maelezo. Na ukiwa na tumbo lililojaa, unatapika, hupati choo wala kujamba, au damu inatoka kwa wingi na kizunguzungu juu, hakuna cha kusubiri asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo uende hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Kupima choo ni kupima nini

Watu wengi watakwambia, "Mimi nilipimwa choo, hawakuona kitu." Waulize walipimwa kipi, maana vipo vipimo vitatu tofauti na vyote huitwa hivyo.

Cha kwanza ni cha darubini. Mtaalamu wa maabara anaweka choo kidogo kwenye kioo na kutafuta amiba, mayai ya kichocho na ya minyoo. Ndicho kinachofanywa kwenye vituo vingi. Kinafaa sana, ila hakikuundwa kutafuta dalili ya saratani.

Cha pili ni cha zamani cha kutafuta damu iliyojificha. Choo hupakwa kwenye karatasi maalumu, dawa ikadondoshewa, na rangi ikigeuka buluu kuna damu. Udhaifu wake ni kwamba hakibagui: nyama ya ng'ombe au ya mbuzi uliyokula jana inaweza kukidanganya, na vitamini C nyingi inaweza kuificha damu iliyopo. Ndiyo sababu huambiwa uache nyama nyekundu siku tatu, na hupimwa choo cha siku tatu tofauti.

Cha tatu ndicho kizuri zaidi kwa kazi hii. Wafanyakazi wa maabara hukijua kwa herufi FIT. Kinatafuta damu ya binadamu peke yake, kwa hiyo kula chakula chako cha kawaida. Kwa kawaida choo cha mara moja kinatosha. Kipo cha mashine inayotoa namba, na kipo cha kibao kidogo chenye mistari, kama kile cha malaria. Ukifika maabara useme hivi: "Naomba kipimo cha damu iliyojificha chooni, na mniangalizie pia kichocho na amiba." Omba vyote viwili siku moja. Kama kituo cha afya cha Adumi au cha Oli hakina FIT siku hiyo, waulize wakuelekeze, kisha ulizia Hospitali ya Rufaa ya Arua, Kuluva au Maracha. Aliye Koboko aanze na hospitali ya Koboko kabla ya kulipa nauli ya zaidi ya kilomita 50 kuja Arua. Ndugu zetu wakimbizi wa Lobule na Rhino Camp waanzie kwenye kituo cha makazi yao, ili wapate barua ya rufaa.

Kuchukua choo chenyewe ndipo wengi wanapoharibu, na hakuna anayewafundisha. Choo chetu ni cha shimo, kikishadondoka kimekwenda. Kojoa kwanza, umalize. Tandaza kavera (mfuko wa plastiki) safi, gazeti, au jani la mgomba lililokauka maji, kando ya tundu, ujisaidie juu yake. Mkojo na maji visiguse. Fungua kichupa ulichopewa. Kifuniko chake kina kijiti chenye mifereji midogo. Kichome kijiti kwenye choo sehemu nne au tano tofauti, juu, pembeni na katikati, kwa sababu damu haisambai sawasawa. Kinachotakiwa ni kile kinachojaza mifereji tu. Donge kubwa huharibu kipimo. Rudisha kijiti ndani ya kichupa, funga mpaka kilie, tikisa, andika jina lako na tarehe. Kilichobaki kitupe shimoni pamoja na jani; kavera ifunge uitupe kwenye taka. Nawa mikono kwa sabuni. Mwanamke aliye kwenye hedhi asubiri imalizike, na mwenye bawasiri zinazotoka damu waziwazi amwambie mtaalamu kabla.

Kisha joto. Damu iliyo ndani ya kichupa huharibika ikikaa motoni, na kipimo kikasema hakuna damu wakati ilikuwepo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, usikiache kichupa kwenye dashibodi ya teksi wala chini ya bati. Kiweke kivulini kando ya mtungi wa maji na ukifikishe siku hiyo hiyo, kesho yake ikizidi. Ukinunua kibao dukani, angalia tarehe ya kuisha na uulize kilihifadhiwa wapi; vingi vimeandikwa visizidi nyuzi 30.

Majibu

Kipimo kikiona damu, usilie bado. Kati ya watu wanaoonekana na damu iliyojificha, wengi hawana saratani. Wana bawasiri, vidonda, minyoo, kichocho, au vinyama vidogo vinavyoota ndani ya utumbo. Hivyo vinyama ndivyo tunavyovitaka mapema. Baadhi ya vinyama hivyo hugeuka saratani, kwa kawaida baada ya miaka kama kumi, na daktari akivikuta anaweza kuving'oa papo hapo, saratani isizaliwe kabisa.

Darubini ikiona mayai ya kichocho pamoja na damu, tibiwa kichocho. Meza prazikwanteli ulizopimiwa, kisha rudi upimwe tena baada ya wiki nne hadi sita. Hapa ndipo huku kwetu tunapoteza watu: kichocho kikionekana, utafutaji unaishia hapo. Kichocho hakimkingi mtu na saratani. Damu ikiendelea baada ya tiba, au tangu mwanzo ulikuwa na dalili nyingine nilizotaja, endelea na uchunguzi.

Kipimo kisipoona damu na huna dalili, vizuri, rudia baada ya mwaka. Kisipoona damu na dalili zipo, dalili ndizo zenye neno la mwisho. FIT hukosa karibu saratani moja katika kila tano, kwa sababu uvimbe hauvuji kila siku. Nguvu yake iko katika kurudia. Kule Minnesota, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1993 uliowapima watu kila mwaka kwa kile kipimo cha karatasi, ambacho ni dhaifu zaidi, ulipunguza vifo vya saratani hii kwa theluthi moja.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji umeme wala maabara, ambacho kila mwenye damu chooni anastahili kufanyiwa: kidole cha daktari. Unalala ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, daktari anavaa glovu yenye mafuta na kupima puru. Kinachukua dakika moja hivi. Wagonjwa wengi wa Afrika uvimbe wao uko kwenye puru, mahali kidole kinapofika, na bado wengi hufika Kampala bila aliyewahi kuwagusa. Una haki ya pazia, ya kuwa na mtu wako pembeni, na ya kuomba daktari wa jinsia yako. Mzee wangu, najua si jambo jepesi kwa mtu wa heshima kuvua suruali mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake. Vua hata hivyo. Na daktari asipolitaja, litaje wewe: "Hutanipima kwa kidole?"

Ukipelekwa kolonoskopi

Kolonoskopi hufanywa kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana wote. Unapewa dawa ya kutuliza. Kinachochosha ni kuusafisha utumbo siku ya kabla: uji mwepesi na vinywaji, kisha dawa ya kuharisha mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano yanayopenya mwanga. Utumbo usiposafishika daktari haoni kitu, na safari imekuwa bure. Vidonge vya madini ya chuma viache wiki moja kabla. Dawa za sukari, za presha na za kuyeyusha damu usiache bila kuuliza.

Uliza kwanza Arua kama kipimo kinapatikana wakati huo. Ukiandikiwa kwenda Mulago au Taasisi ya Saratani ya Uganda, omba wakupigie simu wathibitishe siku yako, kwa sababu ni karibu kilomita 500 na nauli ni yako. Dawa ya kuharisha usiinywe Arua ukapanda basi la usiku. Fika Kampala, kaa kwa ndugu mwenye choo cha karibu, ndipo uinywe. Beba daftari, barua ya rufaa, majibu ya damu na ya choo, na mtu mzima wa kukurudisha, maana baada ya dawa ya kutuliza hutakiwi kutembea peke yako.

Wasio na dalili nao wana zamu yao. Marekani ilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, na Uingereza hutuma vichupa vya FIT nyumbani kwa posta. Huku hakuna kichupa kitakachokufuata kijijini, kwa hiyo ukishafikisha 45 omba mwenyewe, mara moja kwa mwaka. Kuhusu chakula nina machache: enyasa, yaani ugali wa mtama au ulezi, maharage na mboga za majani viendelee, tumbaku iachwe, waragi ipunguzwe, soseji zisiwe chakula cha kila siku. Ila anayekula enyasa kila siku naye hupata saratani.

Kinyama kilichokatwa wakati wa kolonoskopi kikionyesha saratani, waite ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako. Ndugu wa damu wa mgonjwa huanza kupimwa wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, ule ulio mdogo zaidi, yaani aliyegundulika akiwa na 42, mdogo wake aanze na 32, na kwa hao kolonoskopi ndiyo bora. Hapo pia ulizeni habari za wale waliotangulia. Katika koo nyingi huku yuko mjomba aliyevimba tumbo, akakonda, akafa, na watu wakasema alilishwa sumu. Pengine jirani bado anachukiwa kwa kifo hicho. Andikeni umri wake na dalili zake kwenye daftari lile lile, mumpe daktari.